Maumivu ya Mgongo Yasiyofaa Kuchuliwa

Maumivu ya mgongo yamezoeleka mno katika jamii za Afrika Mashariki hata hayahesabiwi kuwa ugonjwa. Huchuliwa kwa mafuta, hukandwa kwa maji ya moto, hutulizwa kwa vidonge vinavyonunuliwa bila cheti cha daktari, na kwa walio wengi mazoea hayo hayaleti madhara makubwa, kwa kuwa mgongo unaouma kwa sababu ya kulima, kubeba mizigo au kukaa ofisini kutwa hupona wenyewe baada ya siku kadhaa. Wapo hata hivyo watu ambao kwao mazoea hayo ni ya hatari, nao ni wale wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, zinazojulikana zaidi kama dawa za kuyeyusha damu, ambao mara chache sana huvujia damu ndani ya mfereji wa uti wa mgongo na kupooza miguu katika muda wa saa chache. Uchache wa tukio hilo umegeuzwa kuwa kisingizio cha kutomwambia mgonjwa lolote, ilhali dalili zake zinaweza kufundishwa kwa sentensi moja, na kupona kwake hutegemea, kuliko jambo jingine lolote, mgonjwa mwenyewe kutambua mapema kwamba maumivu hayo si yale aliyoyazoea.

Dawa zenyewe haziifanyi damu kuwa nyepesi kama jina la mtaani linavyodokeza, bali huchelewesha kuganda kwake. Kongwe kati ya zile za kumeza ni warfarini, ambayo hulizuia ini kutumia vitamini K katika kutengeneza protini za kugandisha damu. Iliingia sokoni kama sumu ya panya mwaka 1948, ikaidhinishwa kwa binadamu mwaka 1954, na historia hiyo, ambayo mgonjwa anaweza kuisikia kijiweni kabla ya kuisikia kwa daktari, isimtie hofu mtu, maana kinachotenganisha sumu na dawa hapa ni kipimo. Heparini na jamaa zake hudungwa kwa sindano. Kizazi kipya cha vidonge, yaani dabigatrani, rivaroksabani na apiksabani, kiliidhinishwa nchini Marekani kati ya mwaka 2010 na 2012. Kwa mtu ambaye mapigo ya moyo wake yamepoteza mpangilio, hali inayoiruhusu damu kutuama na kuganda ndani ya moyo, warfarini ikitumiwa vizuri hupunguza uwezekano wa kiharusi kwa karibu theluthi mbili, na kwa aliyewekewa valvu bandia ya chuma hakuna mjadala, kwa sababu bila dawa valvu hiyo huweza kuzibwa na damu iliyoganda na mwenye nayo akafariki.

Katika ukanda huu wagonjwa wengi wa valvu ni vijana, kwa kuwa ugonjwa wao hutokana na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa, yakaichochea kinga ya mwili kuushambulia moyo wenyewe, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam ni miongoni mwa vituo vinavyowafanyia upasuaji wagonjwa wa namna hiyo. Vidonge vipya, ambavyo havimlazimu mgonjwa kupimwa damu mara kwa mara, vingeonekana kuwa jibu lao, lakini jaribio la kuwapa dabigatrani wenye valvu za chuma lilikatizwa kabla ya wakati, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo walipata mabonge mengi zaidi ya damu na pia walivuja damu zaidi. Utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 na kuwahusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha nao kwamba kwa wenye ugonjwa huo wa valvu pamoja na mapigo yasiyo na mpangilio, dawa za jamii ya warfarini ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani. Warfarini, kwa hiyo, itabaki mikononi mwa wagonjwa wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi ijayo, pamoja na usumbufu wake wote.

Damu kidogo ndani ya mgongo huleta maafa ambayo damu nyingi zaidi iliyovujia pajani haileti, na sababu yake ni umbo la mahali penyewe. Katikati ya pingili za mgongo kuna mfereji wa mfupa, na ndani ya mfereji huo hupita ugwe mgongo, yaani fungu la mishipa ya fahamu linalounganisha ubongo na kiwiliwili, lenye unene wa kidole kidogo cha mkono na linaloishia, kwa mtu mzima, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Ugwe huo umefunikwa na utando mgumu, na kati ya utando na mfupa kuna nafasi nyembamba yenye mafuta na mtandao wa vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, ambazo tofauti na vena za miguuni hazina vilango vya kuzuia damu kurudi nyuma, hivyo kikohozi, chafya au kujikamua chooni huzipandishia shinikizo papo hapo. Vena moja ikichanika kwa mtu asiyetumia dawa, kwa kawaida damu huganda na mambo yakaishia hapo bila yeye kujua. Ikichanika kwa mtu ambaye damu yake inachelewa kuganda, damu huendelea kujaa, na kwa kuwa mfupa hautanuki, kinachobanwa ni ugwe. Bonge hilo wataalamu huliita hematoma ya epidura, na ndilo linaloonekana mara nyingi zaidi, ingawa damu yaweza pia kuvujia chini ya utando au ndani ya ugwe wenyewe.

Ugonjwa huu si mgeni katika maandiko ya tiba, kwani jarida la Lancet la London lilichapisha kisa chake mwaka 1869, miongo mingi kabla ya warfarini kugunduliwa. Ukitokea wenyewe, bila jeraha wala sindano, hukadiriwa kumpata mtu mmoja hivi katika kila watu milioni moja kwa mwaka. Mapitio ya visa 613 vilivyoandikwa tangu 1826 hadi 1996 yaligundua kwamba karibu theluthi moja havikuwa na chanzo kilichojulikana, na kwamba katika vile vilivyokuwa nacho, dawa za kuzuia damu kuganda ndizo zilizotajwa mara nyingi kuliko chanzo kingine chochote.

Dalili zake huja kwa mfuatano unaotambulika. Kwanza huja maumivu ya ghafla na makali ya mgongo au shingo, ambayo mgonjwa huweza kuyataja dakika yalipoanza, na mara nyingi hutambaa kuzunguka mbavu au kushuka mkononi au mguuni kufuata mshipa wa fahamu uliobanwa. Baada ya dakika au saa kadhaa miguu hufa ganzi na kulegea, kisha mkojo hugoma kutoka au hutoka bila taarifa, na haja kubwa vilevile. Daktari anayemchoma mgonjwa kwa ncha ya sindano kuanzia mguuni kupanda juu huweza kukuta mstari tumboni au kifuani ambapo hisia zinaanza ghafla, na mstari huo humwonyesha ni pingili zipi za kutazamwa kwenye picha. Ripoti ya mwaka 1994, iliyokusanya visa 61 vilivyofuatia sindano za ganzi za mgongoni, ilionyesha kwamba waliopona vizuri ni hasa wale waliofunguliwa mgongo na kuondolewa damu ndani ya muda wa saa 8 tangu kupooza, na kwamba baada ya hapo matumaini yalipungua sana. Tafiti nyingine zimetaja muda wa saa 12. Muda wenyewe huhesabiwa kwa saa.

Muda huo ndio unaopotea, na haupotei hospitalini peke yake. Mtu aliyeshikwa na mgongo usiku huambiwa na jamaa zake asubiri kupambazuke, asubuhi huchuliwa, mchana huenda duka la dawa, na huko hupewa diklofenaki au ibuprofeni, dawa za maumivu ambazo hudhoofisha chembe sahani, yaani vijipande vya damu vinavyoziba tundu la mshipa uliochanika, na hivyo humwongezea mvujaji sababu ya pili ya kuvuja. Mara nyingine hupigwa sindano ya diklofenaki kwenye tako, na mtu anayetumia warfarini hapaswi kudungwa sindano ya msulini bila sababu nzito, kwa kuwa msuli nao huweza kujaa damu. Muuzaji hana kosa ikiwa hakuambiwa, na mgonjwa hana kosa ikiwa hakuambiwa kwamba anapaswa kusema. Kosa ni la aliyeandika dawa na kumrudisha mtu nyumbani na vidonge kwenye bahasha ya karatasi iliyoandikwa 1x1 na basi.

Lipo pia kosa la wataalamu wenyewe, nalo ni baya zaidi kwa kuwa huvaa sura ya ujuzi. Damu ikivujia shingoni upande mmoja wa ugwe, mgonjwa huweza kulegea mkono na mguu wa upande mmoja, akafanana kabisa na aliyepatwa na kiharusi, na zimeandikwa habari za wagonjwa waliopewa dawa ya kuyeyusha bonge la kwenye ubongo wakati bonge lililokuwapo lilikuwa la damu iliyovuja mgongoni. Kinachowatofautisha ni kwamba uso haukupinda, maneno hayakuvurugika, na maumivu ya shingo ndiyo yaliyotangulia.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa namna hatari adimu inavyoweza kupuuzwa, kisha ikadhibitiwa, ulitokea Marekani katika miaka ya 1990. Enoksaparini, ambayo ni aina ya heparini yenye molekuli fupi, ilikuwa imeshatumika Ulaya kwa miaka kadhaa kuwakinga wagonjwa wa upasuaji wa nyonga dhidi ya damu kuganda miguuni, na visa vya kuvuja damu mgongoni huko vilikuwa vichache mno. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1993, ratiba ilibadilishwa: Ulaya walidunga miligramu 40 mara moja kwa siku, Wamarekani wakadunga miligramu 30 mara mbili kwa siku, na wengi wa wagonjwa hao walikuwa na mrija mwembamba wa ganzi uliopachikwa karibu na ugwe ili kutuliza maumivu baada ya upasuaji. Dawa inayodungwa mara moja kwa siku huacha muda ambao nguvu yake imeshuka na mrija waweza kuingizwa au kuchomolewa kwa usalama. Inayodungwa kila baada ya saa 12 haiachi muda huo. Kufikia Desemba 1997, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilipotoa tahadhari kwa madaktari wote, visa zaidi ya 30 vilikuwa vimeripotiwa, wengi wa wagonjwa hao wakiwa wanawake wazee waliobadilishiwa nyonga au goti, na makadirio ya baadaye yaliweka hatari kwa wenye mrija kuwa takriban mtu mmoja kati ya 3,000, wakati makadirio ya kawaida kwa ganzi ya namna hiyo yalikuwa chini ya mmoja kati ya 150,000.

Mambo mawili katika visa hivyo yanastahili kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni kwamba kuchomoa mrija kulikuwa na hatari sawa na kuuingiza, jambo ambalo halikutiliwa maanani wodini, ambako kuchomoa huonekana kuwa kazi ndogo ya kumalizia, inayofanywa wakati wowote muuguzi anapopata nafasi. La pili ni kwamba wengi wa wagonjwa hao hawakulalamika maumivu makali ya mgongo, kwa kuwa ganzi iliyokuwa ikiingia mwilini iliyafunika, na kilichoanza kuonekana ni miguu iliyozidi kuwa mizito badala ya kuzinduka, ambayo wahudumu waliidhania kuwa ganzi haijaisha. Mwaka 1998 chama cha wataalamu wa ganzi ya sehemu cha Marekani kiliitisha mkutano na kutoa mwongozo wa saa za kusubiri, na mwaka 2013 FDA ilipendekeza rasmi kwamba mrija usiingizwe wala kuchomolewa kabla ya saa 12 kupita tangu dozi ya kinga, au saa 24 tangu dozi kubwa ya tiba, na kwamba dozi inayofuata isidungwe kabla ya saa 4 tangu mrija kuchomolewa. Hapakuhitajika chombo kipya wala dawa mpya. Ilihitajika watu kuripoti, mtu wa kuzikusanya ripoti hizo, na saa ya ukutani.

Wanawake wa Afrika Mashariki wanaojifungua kwa upasuaji hupewa sana ganzi ya mgongoni, na lazima isemwe waziwazi kwamba kwa mama asiyetumia dawa za kuzuia damu kuganda na ambaye chembe sahani zake hazijapungua, hatari inayozungumzwa hapa ni ndogo mno, na kwamba ganzi hiyo kwa kawaida humfaa zaidi kuliko nusu kaputi. Anayehitaji mpango maalumu ni mama mwenye valvu ya chuma au aliyewahi kuganda damu mguuni, ambaye hudungwa heparini wakati wa ujauzito, na mpango huo unapaswa kuandikwa kwenye kadi yake ya kliniki wiki kadhaa kabla ya uchungu, ukionyesha sindano ya mwisho idungwe lini, kwa kuwa mkunga wa zamu ya usiku hawezi kuubuni peke yake.

Kwa wanaomeza warfarini kila siku, mashaka hayaletwi na sindano bali na kipimo cha dawa kinachobadilika bila wao kujua. Nguvu ya dawa hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, ambacho kwa wagonjwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, na kwa baadhi ya wenye valvu za chuma kati ya 2.5 na 3.5, na kadiri kinavyopanda juu ya hapo, hatari ya kuvuja damu popote mwilini hupanda nacho. Septrin na Flagyl, dawa zinazopatikana karibu kila duka na zinazomezwa kwa kuhara, kwa kikohozi na kwa jambo lolote lisilojulikana, zote mbili huipandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huishusha kwa nguvu, daktari akaongeza dozi ya warfarini ili kuifuata, na mgonjwa anapomaliza tiba ya kifua kikuu akishangiliwa na wote, dozi ile kubwa hubaki bila kitu cha kuizuia na INR hupanda katika wiki zinazofuata. Mboga za majani kama mchicha, kisamvu na matembele zina vitamini K nyingi, na ushauri wa kuziacha kabisa, ambao bado unasikika kliniki, si sahihi: kinachotakiwa ni kuzila kwa kiasi kisichobadilikabadilika. Vidonge vyenyewe huleta mkanganyiko wao; cha miligramu 5 ni cha rangi ya waridi nchini Uingereza na cha rangi ya pichi Marekani, na mgonjwa aliyezoea kukata kidonge katikati kwa wembe na kukitambua kwa rangi yake, siku kiwanda kinapobadilika, anaweza kumeza dozi isiyo yake kwa mwezi mzima bila kushtuka.

Madaktari wasiopenda kuzungumzia madhara adimu wana hoja, na ingekuwa si haki kuipuuza: mgonjwa akitishwa ataacha dawa, na akiacha dawa atapata kiharusi au valvu yake itaziba, mambo yenye uwezekano mkubwa kuliko kuvuja damu mgongoni. Lakini hoja hiyo inadhani kwamba mgonjwa asiyeambiwa habaki na hofu, kumbe hofu yake huachiwa majirani na simu waijaze, nao hawatamwambia kwamba hatari ni ndogo wala afanye nini ikitokea. Kumwambia mtu kwamba dawa yake humlinda na kiharusi kila siku, kwamba mara chache sana inaweza kumvujisha damu mgongoni, na kwamba ishara yake ni maumivu ya ghafla yanayofuatiwa na miguu kulegea, ni kazi ya dakika mbili.

Hata hospitalini uchunguzi wa kwanza hauna gharama. Mgonjwa huambiwa atembee hatua chache, asimame kwa visigino, avute vidole vya miguu juu dhidi ya mkono wa daktari, na aulizwe mara ya mwisho alikojoa lini. Akishindwa, picha inayofaa ni ya MRI, kwa kuwa CT scan huweza kuikosa damu hiyo, na hapa ndipo jiografia inapoingia, maana mashine hiyo na madaktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu wamejikusanya katika miji mikubwa, na kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Lakini kabla ya gari la wagonjwa kuondoka, INR inaweza kupimwa na vitamini K ikaanza kuingizwa polepole mshipani, dawa ya bei nafuu ambayo wodi za wazazi huwa nayo kwa ajili ya vichanga. Huchukua saa kadhaa kufanya kazi, na hizo ni saa ambazo mgonjwa atakuwa njiani. Plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, huisaidia inapopatikana. Mchanganyiko maalumu wa protini za kugandisha damu, ambao hurekebisha hali kwa dakika, ni ghali na adimu, sawa na dawa ya kuzima dabigatrani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015. Kwa mwenye valvu ya chuma uamuzi huwa mgumu kweli, kwa kuwa kuigandisha damu kunauokoa mgongo huku kukiiweka valvu hatarini, na daktari wa moyo na wa upasuaji wanapaswa kuzungumza kwa simu usiku huo bila kungoja kikao cha asubuhi.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya zote hupokea ripoti za madhara ya dawa, na kila kisa cha kuvuja damu mgongoni kinastahili kufika huko, kwa sababu bila ripoti haiwezi kujulikana kama ratiba, kiwanda au dawa fulani iliyochanganywa ndiyo inayowaumiza watu. Kliniki zinazotoa warfarini zinapaswa kumpa kila mgonjwa kadi yenye jina la dawa, dozi, INR ya mwisho na namba ya simu inayopokelewa usiku, na watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu wazoee kumuuliza kila anayeomba dawa ya mgongo kama anatumia dawa ya moyo au ya damu kabla ya kumpa diklofenaki.

Kwa msomaji anayemeza dawa hizi, au anayeishi na anayezimeza: asiziache bila daktari wake kumwambia. Akishikwa ghafla na maumivu makali ya mgongo au shingo, asikubali kuchuliwa wala kudungwa sindano ya maumivu kabla ya kutaja dawa anayotumia, na miguu ikianza kulegea au mkojo ukigoma, aende hospitali usiku uleule, kadi yake ikiwa mkononi.